Gauni la Bi Kimya

Duka la vifungo lilifurika siku ile, watu wamebanana kwenye kaunta utadhani vinagawiwa bure. Mshonaji alikuwa ameshapenyeza mkono na kunyakua vifungo viwili vyeusi, vikubwa, aliposikia sauti ya kiume nyuma yake.

"Dada, hivyo si vifungo. Hayo ni macho ya Bi Kimya."

Aligeuka akamwona kijana mrefu, ovaroli la buluu limekatika kifungo kifuani, viatu vimejaa grisi, anatabasamu bila haya.

"Bi Kimya ndiye nani?" akauliza, ingawa Bi Kimya mwenyewe alikuwa amemwacha nyumbani juu ya meza, macho yameng'oka.

"Humjui? Kikaragosi cha ile tamthilia ya kutisha! Watu hawalali kwa ajili yake."

"Na wewe hulali?"

"Mimi namchunguza."

Kijana alikuwa fundi wa lifti. Kwenye kundi la mashabiki mtandaoni walimwita Mpelelezi, maana watunzi wa tamthilia hawakusema kamwe kikaragosi kile kilitoka wapi, na yeye hakuishiwa nadharia. Walitoka dukani pamoja, na kabla ya kuagana namba za simu zilikuwa zimeshabadilishana mikono.

"Haloo, mrembo," kijana akaanza simuni, kama kila jioni. "Kichwa cha Bi Kimya kilichongwa kwa mbao za mlango wa gereza."

"Jana ulisema mti uliopigwa radi."

"Jana nilikuwa na njaa."

Mshonaji alicheka mpaka akajichoma sindano. Lakini hakumwambia kitu. Mkataba wa kazi ulimfunga mdomo. Aliyemshona Bi Kimya hakutakiwa kujulikana. Tena kulikuwa na gauni alilomvika Bi Kimya. Alikuwa amelishona kwa ajili ya harusi yake mwenyewe, na bwana harusi hakutokea. Alikaa kwenye kiti cha maharusi akitazama mlango mpaka wafanyakazi wa ukumbi wakaanza kukusanya meza. Baadaye watunzi wa tamthilia walipotaka kikaragosi kitakachowakosesha watu raha, alitoa gauni kabatini akalitia mkasi.

Sasa mapenzi yalikuwa yamemkamata tena, na yalimtia kiwewe. Alianza pindo akaliacha, akaenda dirishani, akarudi kutazama simu. Jumapili moja wakiwa wanaongea, maneno yakamponyoka.

"Na mimi nina nadharia. Bi Kimya alishonwa na mwanamke aliyeachwa siku ya harusi. Lile gauni ni lake."

Alisubiri aulizwe, umejuaje? Angeulizwa, angesema yote.

"Mpenzi, wewe ni hatari!" kijana akapiga kelele. "Ngoja niwapelekee wenzangu!"

Kesho yake mashabiki hawakuwa na habari nyingine. Mpelelezi alikuwa ameongeza chumvi yake: mwanamke asiyetakiwa hushona jinamizi, hata bwana harusi aliliona mapema akatimua mbio. Chini yake watu walikuwa wanajichekea. Mshonaji alisoma mpaka macho yakaingia ukungu, akaitupa simu kwenye rundo la vitambaa.

Iliita, ikaita tena.

"Pokea au zima," dada yake akafoka kutoka jikoni. "Inatutoa roho!"

"Mwache alie."

"Mbona anayelia ni wewe?"

Kijana alipochoka kupiga, alikuja mwenyewe. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi, kifungo kimoja kimeingia tundu la jirani yake. Dada mtu alimwonyesha karakana iliyo uani; akafungua mlango akamkuta Bi Kimya mapajani mwa Mshonaji, anarekebishwa pindo. Akatazama gauni, akamtazama yeye. Akakaa sakafuni.

"Ni wewe."

"Ni mimi. Mwanamke asiyetakiwa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia! Ukakimbilia kwa wenzako."

Alitoa simu, akaandika, kisha akasoma kwa sauti: "Nadharia ya gauni la harusi ni ya uongo, nimeifuta. Na niliyosema kuhusu mwanamke aliyeachwa ni upumbavu wangu. Wa kuchekwa ni mwanamume anayekimbia."

Simu ikaanza kutetema. Mpelelezi amehongwa, Mpelelezi amerogwa, Mpelelezi kwisha habari yake. Mshonaji aliona jinsi ilivyomchoma. Jina lile alikuwa akilipenda kweli.

"Ndiyo nadharia pekee uliyowahi kupatia," akasema polepole.

"Nimeikana. Nadharia nitapata nyingine." Akaizima simu. "Nataka kukuoa."

Mshonaji alisimama ghafla, Bi Kimya mkononi, akaenda dirishani, akarudi. "Usinitajie harusi! Siwezi kukaa tena kwenye kile kiti nikitazama mlango. Siwezi. Nakupenda na siwezi."

"Basi hutakaa. Asubuhi hiyo nitakuja kukuchukua hapa, twende kwa miguu, tuingie mlangoni pamoja. Watusubiri wao."

"Na ukichelewa kuja kunichukua?"

"Nitakuwa nimelala hapo nje."

"Dada yangu atakumwagia maji."

"Nitaoa nimelowa."

Mshonaji alicheka, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka. Alimweka Bi Kimya mezani, akaketi sakafuni kando ya kijana, bega kwa bega.

"Njoo na nguo za kubadilisha," akasema.