Kasha Alilolichora Hassan

Haya yalimpata rafiki yangu Mwanamisi, fundi wa kompyuta hapo Mayoni, nami nayasimulia kama alivyoniambia.

Mumewe, Hassan, alifariki akiwa amechora kasha dogo la kompyuta, la kupozwa kwa maji badala ya feni. Eda ilipokwisha, Mwanamisi alikata bati mwenyewe, akafunga mipira ya maji na pampu ndogo, akifuata mchoro wa marehemu.

Alasiri moja alilijaza maji baridi ya mtungini. Kabla hajaunganisha umeme, wingu la mvua likatanda, chumba kikawa giza. Ndipo akasikia maji yakitembea ndani ya mipira. Yalitembea polepole, yakatulia, yakatembea tena.

Mama mkwe akaita kutoka jikoni, "Mwanangu, umeshaiwasha kompyuta?"

"Bado, mama. Waya ninao mkononi."

"Mbona basi namsikia Hassan akipumua?"

Machozi yakamtiririka Mwanamisi. Akaweka kiganja juu ya kasha, akanong'ona, "Pumzika, baba watoto."

Maji yakanyamaza. Alifungua kifuniko, akatia kidole. Yale maji baridi aliyoyachota mtungini yalikuwa na joto la mwili wa mtu.