Safu ya Maelezo

"Umekaa au umesimama?"

"Nimesimama. Napanga mafaili ya kukabidhi. Kuna nini?"

"Basi tafuta kiti kwanza."

Aliyepiga simu alikuwa karani mwenzake wa ng'ambo ya ziwa. Walifahamiana kwa sauti miaka kumi na moja, kwa macho mara mbili tu. Nchi nne zinavua kwenye ziwa lile moja, kwa hiyo hesabu za samaki wa nchi zote nne huingizwa kwenye ghala moja la takwimu, na kila ofisi inaona za mwenzake. Kila Jumatatu makarani hao wawili walianza na uzito wa samaki, wakamalizia na umbea.

"Haya, nimekaa."

"Leo mmetuma kwa ile programu yenu mpya?"

"Imetuma yenyewe saa tatu. Mtaalamu kabonyeza mara moja tu, wageni wakapiga makofi."

"Umeisoma safu ya maelezo?"

"Sisomi mimi siku hizi. Inasoma programu."

"Isome, mwenzangu. Halafu unipigie. Na kama utalia, funga mlango kwanza."

Huyu aliyepigiwa simu, ofisi nzima ilimwita Dada Takwimu, kuanzia Mkuu hadi mfagiaji. Kazi yake ilikuwa kupokea fomu kutoka mialo yote, pale mitumbwi inaposhusha samaki, na kuzisafisha kabla hazijaenda ghalani. Msidhani ni kazi ya kunakili. Fomu za mialoni zinadanganya kama binadamu. Mmoja anapima kwa ndoo ndogo anaandika kubwa. Mwingine anaandika samaki wakavu kana kwamba ni wabichi. Dada Takwimu aliwajua wote kwa miandiko yao, na kila kosa alilolinasa alilipeleka kwenye daftari lake kwa penseli.

Ndipo akaletwa Mtaalamu, aandike programu ya kuifanya kazi hiyo bila mkono wa mtu. Kijana mtanashati, sauti ya upole, shati halina kunyanzi. Wanawake wengine hutongozwa kwa maua. Huyu alitongozwa kwa maswali.

"Kwa nini hapa umegawa kwa mbili?"

"Umejuaje kama huyu karudia hesabu za wiki iliyopita?"

"Wewe dada ni hazina, hawa watu hawajui tu."

Miaka kumi na moja hakuna aliyewahi kumuuliza hata moja la namna hiyo. Mwanamke wa watu alivishwa kilemba cha ukoka, akakiona taji. Alimjibu kazini, akamjibu kwenye simu, akampeleka nyumbani kwao kila Jumapili mchana, akamjibu mbele ya sahani. Mtaalamu alimuahidi ndoa programu ikishakamilika. Baba yake, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, akaanza kumwita kijana "mwanangu".

Mwezi uliopita maswali yalikoma. Ujumbe wa simu nao ukawa mfupi.

"Mbona siku hizi huniulizi kitu?" alimuuliza siku moja.

"Maswali yameisha, mpenzi."

Alicheka sana. Alidhani ni utani.

Sasa akafungua ghala, akashuka hadi kwenye safu ya maelezo. Ghala lile lina sharti lake: hesabu ikirekebishwa, lazima iandikwe sababu na chanzo, la sivyo halipokei. Yeye alikuwa akiandika maneno matano, basi. Mtaalamu alipokuwa akiunda programu alijiandikia mle kila kilichomjia kichwani, akipanga kupasafisha kabla ya uzinduzi. Mkuu akauwahisha uzinduzi kwa wiki mbili kwa ajili ya wageni, naye akasahau. Programu haina aibu. Ilibeba yote kama yalivyo.

Mstari wa 17: "Mwalo wa pili, ndoo ya lita kumi huandikwa ishirini. Gawa kwa mbili. Chanzo: dada wa takwimu. Kaeleza huku ananimenyea chungwa. Ameanza kulainika."

Mstari wa 88: "Wakavu wameandikwa wabichi. Zidisha kwa tatu. Chanzo: yeye. Nimemwambia nampenda, kanipa na daftari la mwaka juzi. Rahisi kuliko nilivyofikiri."

Aliinuka akafunga mlango. Akarudi akasoma mpaka mstari wa 214, wa mwisho. Kila mstari ulimtaja yeye kuwa chanzo, na mingi iliishia kwenye sababu ya kazi tu. Ishirini na mitatu ilimsema yeye mwenyewe. Hakulia. Mikono ilikuwa baridi, akaikalia.

Simu ikaita tena.

"Umeona?"

"Nimeona. Nani mwingine kaona?"

"Mwenzangu, mtama umemwagwa penye kuku wengi. Ofisi za nchi nyingine zote tatu. Huku kwetu kuna mjinga kachapisha karatasi, sasa wanaigiza cheko lako korido nzima."

"Wanaliigizaje?"

"Achana nayo. Ondoa ule mzigo. Si mna siku tano za kuondoa mzigo wa takwimu mkishautuma?"

"Mpaka Jumamosi saa sita mchana. Baada ya hapo ghala linajifunga."

"Na namba ya siri ya kuondoa anayo nani?"

"Ninayo mimi, mpaka mwisho wa mwezi."

"Basi ondoa leo. Anayedhalilika ni wewe, si yeye."

Saa nane Mtaalamu aligonga mlango, akaingia kabla hajakaribishwa. Shati lilikuwa na kunyanzi, mara ya kwanza.

"Mpenzi, umepata muda wa kuangalia ghala?"

"Nimepata."

"Yale maneno... Ujue mtu ukikaa na programu miezi minane unajichekesha mwenyewe. Hayana maana."

"Mstari wa 131 ulikuwa unamchekesha nani?"

Akachukua kiti.

"Ondoa ule mzigo. Nimeshaandaa mwingine msafi, huu hapa. Utume huu, tusahau."

Dada Takwimu aliufungua ule msafi mbele yake. Marekebisho yale yale 214, na kwenye chanzo, mstari kwa mstari, neno moja: "Programu." Alishuka taratibu mpaka chini kabisa akimtafuta mtu aliyekaa miaka kumi na moja na penseli. Hakumwona.

"Mimi niko wapi humu?"

"Si maneno yale yanakudhalilisha? Nimekutoa."

"Kwenye ule wa matusi nipo."

"Dada, sikiliza..."

"Leo nimekuwa dada?"

"Mpenzi, sikiliza. Nchi nyingine zote tatu zinataka programu hii. Ule uchafu ukibaki ghalani milele, mimi nimekwisha. Na kumbuka, ungeachwa uendelee kusoma kwa macho kabla ya kutuma, haya yasingetokea."

"Nani aliandika kwenye ripoti kwamba kusoma kwa macho kunachelewesha siku tatu? Nani aliandika kwamba nafasi ya karani wa takwimu haihitajiki tena?"

Njia ya mwongo ni fupi, na ya huyu ilikuwa imefika ukutani. Akapiga magoti, wallahi, pale pale kwenye sakafu ya ofisi.

"Nitakuoa. Nilikuwa mjinga, lakini nimejifunza. Sema chochote."

Mimi nawaambia ukweli, Dada Takwimu bado alikuwa anampenda. Moyo hauna namba ya siri ya kuondoa mzigo. Alitamani kumshika kichwa. Badala yake akasema:

"Mlete mjomba wako aliyekulea. Jumamosi saa nne, nyumbani kwetu. Wazee wakishaongea, habari ya namba ya siri itafuata."

"Kweli?"

"Usichelewe. Saa sita ghala linafunga."

Wiki nzima simu haikupumzika.

"Mpenzi, mjomba amekubali. Shangazi naye anakuja."

"Karibuni."

"Ile kitu umeshaondoa?"

"Jumamosi."

"Hatujachelewa?"

"Wewe ndiye mtu wa muda. Mimi nachelewesha siku tatu."

Jumamosi saa nne kamili walifika. Mjomba alikuwa dereva mstaafu wa malori, mtu mzito wa maneno machache. Shangazi alikuja na kitambaa kipya kichwani na furaha ya miaka mingi, maana alikuwa amechoka kuulizwa kijana wake anaoa lini. Sebule ilikuwa imefagiwa tangu alfajiri. Mama aliazima viti viwili kwa jirani. Baba alivaa koti lake la kustaafia.

"Mwanangu, karibu, karibu," alisema baba, akimshika Mtaalamu mkono kwa mikono yake yote miwili. "Leo umetuletea wakubwa wetu."

Walisalimiana, wakaulizana afya, wakasifiana safari. Mtaalamu alikuwa akiangalia saa ya ukutani. Saa tano na robo. Saa tano na nusu. Hatimaye mjomba akakohoa.

"Mwalimu, sisi tumekuja kwa jambo la kheri..."

"Samahani, mjomba," Dada Takwimu alisema. "Kabla hujasema, kuna karatasi ya kazi aliyoiandika kijana wenu. Inanihusu mimi. Baba, tusomee. Kwa sauti, kama zamani darasani."

"Mpenzi, hayo ya kazi si hapa," Mtaalamu alisema haraka.

"Acha, mwanangu," baba akatabasamu. "Mimi napenda kuisikia kazi yenu."

Akavaa miwani. Alikuwa hajaambiwa kitu. Hapo mimi simtetei binti yake, na mtu asiniombe nimtetee.

"Mstari wa 17," baba alianza, kwa ile sauti ya imla. "Mwalo wa pili, ndoo ya lita kumi huandikwa ishirini. Gawa kwa mbili. Chanzo: dada wa takwimu." Akainua macho, akajawa na fahari. "Huyo ni wewe!"

"Ni mimi, baba. Endelea."

"Kaeleza huku ananimenyea chungwa. Ameanza..." Sauti ikapungua. "Ameanza kulainika."

Kitambaa cha shangazi kilitikisika. Mama alitoka jikoni na sinia, akasimama nalo mlangoni.

"Mstari wa 88," alisema Dada Takwimu.

Baba aliusoma. Alipofika kwenye "rahisi kuliko nilivyofikiri" alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, kana kwamba kosa lilikuwa la kioo.

"Mwalimu, tafadhali," Mtaalamu alisema. "Naomba nieleze."

"Kaa," alisema mjomba.

"Mstari wa 131, baba."

"Mzee wa mwalo wa nne, mvua ikinyesha, hurudia hesabu za wiki iliyopita. Ondoa. Chanzo: yeye, nyumbani kwao, Jumapili. Baba yake..."

"Endelea, baba."

"Imetosha, binti yangu."

"Bado kidogo."

"Baba yake ananiita mwanangu. Mzee wa watu, ukimpa sikio dakika kumi amekuwa wako. Hata majibu mengine anayo yeye, binti humhadithia kila kitu."

Mtaalamu aliinamisha kichwa. Mkuki mtamu kwa nguruwe. Huyu leo ulikuwa umegeukia kwake, na maskini hakujua akae vipi.

"Wa mwisho," alisema binti.

"Sisomi."

Basi akauchukua mwenyewe, akausoma akiwa amesimama, bila kupepesa: "Mstari wa 214. Rekebisho la mwisho. Chanzo: yeye. Maswali yamekwisha, na mimi nimekwisha. Miaka thelathini na sita na bado anaamini. Cheko lake kama mashine ya kusaga nafaka, sijui nimelivumiliaje."

Mjomba alimgeukia mpwa wake.

"Haya ni maneno yako?"

"Mjomba, yalikuwa maelezo ya kazi."

"Nimekuuliza, ni yako?"

"Ni yangu."

Shangazi aliinuka, akamwendea mama. Alilipokea sinia kutoka mikononi mwake, akaliweka mezani, kisha akatoka nje bila kuvaa viatu vizuri. Mjomba alimfuata.

Mtaalamu alibaki. Saa ya ukutani ilisema saa sita kasoro dakika nne.

"Umenivua nguo mbele ya ukoo wangu. Sawa, tumelipizana. Sasa ondoa mzigo. Hata kwa ajili yako. Watakucheka miaka na miaka!"

"Watanicheka. Lakini mistari yote 214 imesema chanzo ni mimi. Hakuna karatasi nyingine duniani iliyosema hivyo."

"Kwa hiyo utaniua kwa ajili ya safu moja?"

"Uliniuliza maswali miezi minane. Leo una swali lingine?"

Simu ya Dada Takwimu ililia mezani, ujumbe kutoka ghalani, na wote waliobaki sebuleni wakauona: "Takwimu za mwezi zimefungwa. Marekebisho 214 yamehifadhiwa pamoja na maelezo."

Mtaalamu alitoka. Kwenye ngazi alisikika akimwita mjomba, na gari likiwashwa bila kumngoja.

Baba alikuwa bado amekaa na koti lake.

"Ungeniambia mapema," alisema polepole, "nisingeisoma."

"Najua, baba. Ndiyo maana sikukuambia."

Mzee aliikunja karatasi mara nne, akaitia mfuko wa ndani wa koti. Hakuulizia tena habari hiyo. Mwezi ulipokwisha, Dada Takwimu alikabidhi ofisi, na ofisi zote tatu za ng'ambo zikakataa programu ya Mtaalamu, japo kwenye korido zao cheko la Dada Takwimu bado linaigizwa. Na kijana wa jirani alipokuja kuvichukua vile viti viwili, baba alimfungulia mlango, akamwonyesha viti, akamwita kwa jina lake. Mpaka leo hajamwita kijana wa mtu yeyote "mwanangu".