Mita Mia Nne za Bi Mwanamvua

Zulia liliwaka kijani chini ya nyayo za Bi Mwanamvua, na kila alipokanyaga mwanga ulikimbia mbele yake kama unaomwambia twende. Liliitwa zulia-pima. Lilifumwa kwa nyuzi zinazohisi, na kupitia nyayo tupu lilisoma mapigo ya moyo na sukari iliyomo kwenye damu. Lilitandazwa kwenye varanda ndefu ya hospitali huko Lushoto, mbele ya mabenchi ya wagonjwa, na sauti yake ilitoka ukutani, tulivu kama ya mwalimu wa chekechea.

"Dakika sita. Tembea uwezavyo, usisimame. Lengo ni mita mia nne."

Miaka miwili nyuma, Bi Mwanamvua, mwenye sukari na moyo uliochoka, hakuweza kutoka kitandani hadi mlangoni bila kushika ukuta. Zulia ndilo lililompangia tiba: vidonge viwili na dozi ya mwendo. Wiki ya kwanza hatua hamsini, ya pili themanini, hadi akawa anapanda kilima chake na kapu la kabichi kichwani. Lakini sheria ya mji haikubembelezeka. Mgonjwa wa moyo anayeishi mlimani akishindwa kipimo mara mbili, anahamishiwa nyumba za tambarare, karibu na gari la wagonjwa. Mwezi uliopita alishindwa. Leo ilikuwa mara ya pili, na huko juu kulikuwa na nyumba yake, na mjukuu wa miezi saba asiyelala ila mgongoni kwake.

Mhandisi Tunu Singano, aliyelibuni zulia, alitazama akiwa nyuma ya kioo, vidole vimekunjwa.

Mita sitini. Bi Mwanamvua akasimama mbele ya benchi.

"Shikamoo, Mzee Shekalaghe."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama. Wa nyumbani wameamkaje?"

"Wazima. Na yule ng'ombe kazaa."

"Eeh! Dume au jike?"

"Jike!"

Zulia likageuka manjano. "Mgonjwa amesimama. Pumzi imekwisha."

Mbele kidogo alikuwepo mama mwenye mguu uliofungwa bendeji. Naye aliulizwa habari za mguu, za mume na za mvua. Kisha mwingine. Dakika sita zilipokwisha, zulia lilikuwa jekundu. Mita mia mbili na themanini.

"Ameshindwa. Maandalizi ya kuhama yaanze."

Bi Mwanamvua hakulia. Alikaa, akaifungua kanga yake na kuifunga upya, polepole mno. Tunu akatoka mbio.

"Mama, mbona ulisimama? Ulichoka?"

"Nichoshwe na nini? Nilikuwa nasalimia."

"Lakini zulia lilikwambia usisimame."

"Sasa mwanangu, nimpite mtu mzima kama napita nguzo ya umeme? Wewe umelelewa wapi?"

"Kalelewa na zulia huyo!" Mzee Shekalaghe akadakia, na benchi zima likaangua kicheko.

Tunu alicheka pia, kisha kicheko kikamkauka. Alisikiliza tena sauti zilizorekodiwa. Sentensi ndefu, bila kuhema hata mara moja. Mtu aliyeishiwa pumzi hana haja ya kujua kama ndama ni dume au jike. Zulia alilifundisha kwa vijana wanamichezo, kwenye ukumbi mtupu, kila mmoja na muziki wake masikioni. Lilijua sababu moja tu ya mtu kusimama.

Tunu akaamuru kipimo kirudiwe, wakampumzisha nusu saa.

"Wazee wangu," Tunu akasihi, "salamu tuziache mpaka amalize."

"Haiwezekani," akasema Mzee Shekalaghe, akiokota fimbo yake. "Ila tunaweza kutembea naye."

Wakatembea naye, mmoja akichoka mwingine anapokea, wakiulizana habari bila kusimama. Mita mia nne na kumi na tisa. Vigelegele vikapaa mpaka wauguzi wakatoka vyumbani.

Katikati ya shangwe hizo, Tunu aliliuliza zulia kwa sauti ya chini: "Umewahamisha wangapi kwa kosa la kusimama?"

"Sitini na watatu. Wa kwanza, Mama Hoza."

Bi Mwanamvua akageuka. "Jirani yangu yule? Mwaka mzima namlilia, nikidhani moyo wake umekwisha!"

Jioni ile ile waliteremka wote wawili hadi tambarare, wakabisha hodi. Mama Hoza akafungua mlango, akawakumbatia. Tunu alikuwa na maneno ya kuomba radhi mdomoni, yanamchoma, lakini ilibidi yasubiri. Mama Hoza alikuwa bado anamuuliza mama yake ameshindaje, na baba, na wadogo zake wote, mmoja mmoja, na Tunu, machozi yakimlengalenga, akawa anaitikia.