Kofia ya Ambrose Tuttle

Giza lilianza kuingia Fort Lee, mji wa studio za filamu, wakati Hedi Brandt akielekea bandani kumalizia mkebe wa mwisho wa filamu. Studio ilikuwa imekufa, na vichekesho vyake bubu havikuwa na mtu wa kuvitaka tena. Tajiri aliagiza filamu zote zichemshwe kwenye magadi makali, picha zibanduke, madini ya fedha yauzwe, na utepe mtupu uende kwa watengeneza vitana.

Mlangoni alimkuta Cora, mjane wa Ambrose Tuttle, yule mchekeshaji mnene aliyewavunja watu mbavu kwa kuanguka.

"Dada Hedi, nasikia mnachemsha mpaka ile ya pipa."

"Amri ya tajiri, Cora."

"Wewe ndiye uliyeikata na kuiunga. Niambie kitu kimoja tu. Alivua kofia?"

Waigizaji wa pale walikuwa na mapatano: mtu akivua kofia, mchezo umekwisha, aokolewe. Siku ile Ambrose alitapatapa ndani ya pipa la maji, akizama na kuibuka, na wenzake wakacheka mpaka machozi yakawaziba macho. Hedi naye alicheka. Walipomtoa, alikuwa maiti.

Kamera pekee ndiyo iliyoona. Kwenye meza yake ya kukatia filamu, Hedi alimwona Ambrose akivua kofia na kuwanyooshea wenzake. Alikikata kipande hicho, akakificha ndani ya mkebe huu wa mwisho. Filamu iliyobaki ikachekesha miji mizima, na yeye hakupata tena usingizi wa maana.

"Hakuvua," alisema. "Angevua tungemwona."

Cora alishusha pumzi. "Basi naweza kuacha kuwachukia. Maliza, nakungoja hapa tuteremke wote."

Aibu ilimchoma Hedi, lakini aliingia. Akakitumbukiza kile kipande kwenye magadi, akakoroga, akakitoa kikiwa kitupu kabisa. Akakianika kambani.

Trrr... trrr... trrr...

Ulikuwa mlio wa mkono wa kamera ukizungushwa. Kamera ziliuzwa zamani.

Aligeuka. Utepe ulikuwa na picha tena. Ambrose, pipani, kofia mkononi.

Akaurudisha kwenye magadi. Vidole viliungua, hakujali. Alipoutoa, pipa lilikuwa limesogea karibu zaidi, na kofia ilikuwa imenyooshwa kwake yeye.

Banda likanuka maji yaliyolala.

Kisha vikaja vicheko... vya kundi lote la siku ile. Hedi alikitambua kimoja. Kilikuwa chake, na mdomo wake ulikuwa umefumbwa.

"Dada Hedi," Cora alinong'ona mlangoni. "Unacheka nini?"

Hedi aligeukia sauti. Kwenye msumari ukutani, ambako hapakuwa na kitu alipoingia, ilining'inia kofia. Maji yalikuwa yakidondoka.

Cora aliingia polepole. Akaishika, akaigeuza, akapapasa ndani, pale alipowahi kushona kiraka kwa mkono wake mwenyewe.

"Uliniambia hakuvua," alisema.

Hedi alifungua mdomo aombe radhi. Kilichotoka ni kile kicheko, na hakikukoma.