Kuku wa Zamu ya Usiku

Nyanchama alikuwa muuguzi. Usiku alikesha hospitalini, asubuhi alirudi nyumbani, mtaa wa Al Thumama huko Uarabuni, kulala. Mumewe, Kiprono, alishinda barabarani akiendesha gari. Binti yao, Melissa, alishinda shuleni. Uani walibaki kuku watano, wanono, wenye heshima zao, ambao walikuwa hawajawahi kutaga hata yai moja.

"Hawa ni wageni rasmi," alisema Kiprono. "Wanakula, wanakunywa, wanalala. Pasaka wataingia sufuriani."

"Baba Melissa, wavumilie," alisihi Nyanchama. Aliwalea tangu wakiwa vifaranga. Kila alfajiri akirudi amechoka, walimkimbilia langoni kama watoto. Ugenini, kupokewa hivyo si jambo dogo.

Kwaresima ilikuwa ndiyo kwanza imeanza. Asubuhi moja, Nyanchama alikuta yai kwenye kiota. Alipiga vigelegele mpaka jirani yake Proscovia, Mganda aliyewahi kufuga kuku kwao Masaka, akaja mbio.

Proscovia alilipokea yai kwa mikono miwili. Akaligeuza taratibu.

"Hongera, Mama Melissa. Kuku wako ni msomi. Ametaga, kisha akapiga muhuri wa tarehe."

Kweli, yai lilikuwa na muhuri wa dukani. Tena lilikuwa baridi kama friji. Pale mlangoni, Melissa aliinama ghafla kufunga kamba za viatu ambavyo havikuwa na kamba.

"Melissa!"

"Nilitaka kuwaokoa, Mama."

Nyanchama alitamani kukasirika, akashindwa. Hata yeye alitaka kuwaokoa.

Proscovia alitazama banda. "Na hili pazia jeusi ni la nini?"

"Wakiona jua wanapiga kelele, nami nalala mchana. Nikifunika asubuhi, nao wanalala. Nafunua jioni nikienda kazini."

Proscovia alicheka mpaka akashika ukuta. "Umewapanga zamu ya usiku! Wana umri gani?"

"Miezi saba."

"Basi wamekomaa. Shida ni giza. Mwanga ndio unaouambia mwili wa kuku kwamba wakati wa kutaga umefika. Anahitaji saa kumi na nne hivi za mwanga kila siku. Toa pazia. Jua likizama, washa taa ndogo kwa muda, kisha uzime walale."

"Chakula je? Nawapa wali uliobaki."

"Wali hautoshi. Nunua chakula cha kuku wa mayai. Maganda ya mayai yachemshe, yakaushe, uyasage uwawekee pembeni. Yana madini ya kujenga ganda. Maji yawe safi, yakae kivulini. Joto la hapa unalijua."

"Na yai langu?" aliuliza Melissa.

"Hilo chemsheni mle. Kiotani weka jiwe jeupe, laini, kama yai. Kuku akiliona atajua hapa ndipo pa kutagia. Wazo lako lilikuwa zuri, mwanangu. Ila wa kudanganywa alikuwa kuku, si mama yako."

Siku hiyohiyo pazia jeusi lilihamia dirishani kwa Nyanchama. Banda lilisogezwa hadi ukuta wa mbali, kelele zisimfikie. Kuku walipata jua lao, muuguzi akapata giza lake.

Wiki zikapita, kiota kikabaki na jiwe tu. Mkesha wa Pasaka, Kiprono alichukua kisu, akaenda bandani. Nyanchama alimfuata nyuma.

Kuku mmoja alikuwa kiotani. Kiprono alipomgusa, alimdonoa mkono bila kuinuka. Kiprono akapenyeza vidole chini yake. Akatoa yai dogo, la kahawia, lenye joto. Aliligeuza huku, akaligeuza huku.

"Halina muhuri," alisema kwa sauti ya chini.

Akaweka kisu chini.

Pasaka ile walikula maharagwe, tena kwa shangwe. Kabla ya kula, Nyanchama alimshukuru Mungu, akamshukuru jirani, akawashukuru kuku kwa majina yao yote matano. Yai la kwanza Kiprono alilipeleka mwenyewe kwa Proscovia, kwa mikono miwili.

Sasa mayai huokotwa karibu kila siku. Na katika nyumba ile, mwenye zamu ya usiku ni mmoja tu.