Nati ya Mtungi

Jumanne, saa saba na dakika kumi mchana, binti wa Mwalimu alifungua mlango wa gari-nyumba ili amwamshe baba yake, harufu ya gesi ikampiga usoni. Mwalimu alikuwa kitandani, hajitambui. Binti alimburuta hadi uani huku akimwomba Mungu isitokee cheche hata moja.

Gari lenyewe lilikuwa basi dogo kuukuu ambalo mstaafu huyo alilikarabati kwa miaka minane, kwa kuokoteza: jiko la mtumba, sinki la kung'olewa kwenye gari lililokufa, mapazia ya shuka. Kitu kipya kilikuwa kimoja tu, mbao za kitanda cha pili, kilichorefushwa kwa shubiri moja. Sajenti wa polisi aliyekuja kuchunguza, mwanamke asiye na haraka, aliliandika hilo ingawa hakujua litamfaa nini.

Kilichomtisha kilikuwa chini ya kitanda cha kwanza, kwenye kabati la mtungi linalofunguliwa kwa nje. Nati ilikuwa imelegezwa, na tundu la sakafuni la kutolea gesi limezibwa kwa tambara. Nati huweza kulegea yenyewe, lakini tambara halijipeleki tunduni.

Siku ile uani walikuwapo watu watatu tu: binti, fundi wa gesi, na baba mdogo wa binti, pande la mtu lililoishi nyumbani kwa kaka yake tangu ujana. Baba mdogo alimnyooshea kidole fundi, kwamba ndiye aliyefunga mtungi na ndiye mwenye spana. Yeye gesi anaiogopa, akasema, wala nati yake hajaigusa maishani. Binti alimwamini. Tena baba mdogo ndiye aliyeketi na Mwalimu hospitali tangu jana, na Jumatano hii zamu yake ingeanza saa kumi, wakiwa wawili tu chumbani.

Fundi aliitwa kando. Aliinamia nati, akaipapasa.

"Nati ya gesi inafunguka kinyume, afande, unageuza kulia. Ona kona zilivyotafunika. Mtu alihangaika kwanza kuigeuza kushoto, kama nati nyingine, ndipo akashtuka. Mimi kazi hii naifanya kila siku, ningehangaikia nini?"

"Kwa hiyo hakuwa anajua."

"Alipokuja hakujua. Alipoondoka alikuwa anajua."

Sajenti alitazama saa, akiikumbuka zamu ya saa kumi hospitali. Ilikuwa saa tisa na nusu. Aliweka mtungi mtupu ndani ya gari, nati yake imekazwa, akawaita binti na baba mdogo mmoja mmoja waifungue, huku mwingine akisubiri sebuleni. Binti aligeuza kushoto mpaka jasho likamtoka, akarudisha spana, akasema imegoma. Sajenti akamwambia abaki nje, karibu na mlango.

Baba mdogo aliingia ameinama, maana dari ilikuwa fupi kwake. Alishika spana, akageuza kulia, nati ikalegea mara moja.

"Umejuaje?" Sajenti aliuliza.

Baba mdogo aliitazama spana mkononi mwake, halafu mlango. Sajenti naye aliupima umbali wa mlango huo.

"Baba mdogo," binti aliita kutoka nje, sauti ikimkatika. "Jana hospitali ulikuwa umemshika baba mkono."

Spana ilidondoka.

"Miaka minane analihangaikia bovu hili," alisema baba mdogo, "ili apande aondoke, nyumba akuachie wewe. Hata siku moja hakuniuliza mimi nitabaki wapi."

Binti alipanda ngazi, akaweka kiganja kwenye zile mbao mpya.

"Kitanda hiki alikirefusha wiki iliyopita. Mimi ni mfupi, baba mdogo. Alinikataza nisikwambie, alitaka ukione siku ya safari."

Sajenti alimwambia baba mdogo aketi asubiri gari la polisi. Pa kukaa palikuwa kitandani hapo tu. Hakukaa. Alibaki amesimama, shingo imepinda chini ya dari, mpaka walipokuja kumchukua.