Mashine ya Mjane wa Ghorofa ya Tatu

Walikutana kwa kukanyagana. Shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu, duka la nyuzi limefurika, na kila mwenye mashine ya kufuma alitaka uzi wa kijivu. Binti Soksi, kama watu wa soko walivyomwita, alikuwa ameshafika kaunta pale kiatu kizito kilipotua juu ya kidole chake.

"Samahani, dada!"

"Samahani yako haina uzito wa kiatu chako."

Mwanamume akacheka, akatazama chini. Alikuwa mrefu, shati la buluu limenyooshwa vizuri, bisibisi ndogo ikichungulia mfukoni mithili ya kalamu. "Mbona soksi moja nyekundu, nyingine kijani?"

"Tangazo la biashara. Wewe si umeziona?"

Kesho yake akaja kibandani kwa Binti Soksi kununua jozi. Keshokutwa akaja tena. Mwezi ulipoisha alikuwa na soksi za kumtosha jongoo, na Binti Soksi alikuwa amezoea kumtafuta kwa macho kila saa sita. Alikuwa fundi wa vyerehani; mji mzima ulimwita Bisibisi. Mchana alimpigia simu akimwita "roho yangu" mbele ya wateja bila aibu.

Kisha ukaja mwezi wa nane wa mapenzi yao, na mjane wa ghorofa ya tatu.

Mjane huyo alikuwa amenunua mashine ya duara kama ya Binti Soksi: ya kuzungusha kwa mkono, sindano zimesimama wima kuuzunguka mtungi wa chuma, kila moja na ndoana ya kukamata uzi na kiulimi cha kuifunga. Ikawa inaangusha vitanzi, soksi zinatoka na mashimo. Alimwita Bisibisi Jumanne. Akamwita Alhamisi. Siku moja simu ililia Bisibisi akiwa ameketi kibandani, na Binti Soksi akaisikia sauti, laini kama siagi iliyosahauliwa juani.

"Fundi wangu, vimeponyoka tena. Njoo basi."

Fundi *wangu*! Bisibisi alibeba mkoba akaondoka mbio, na Binti Soksi akabaki akizungusha mashine kwa hasira hadi uzi ukakatika.

Shangazi yake, aliyemsaidia kushona ncha za soksi, hakumpoza. "Mwanangu, mashine haiugui mara tatu kwa wiki. Mimi mwenyewe na presha yangu siendi hospitali hivyo."

Jioni hiyo Binti Soksi akampigia Bisibisi.

"Uko wapi?"

"Kazini, mpenzi. Kwa yule mama."

"Kazi gani hiyo isiyoisha kwa yule mama? Mwambie akuwekee kitanda kabisa."

"Roho yangu, unasema nini?"

"Usiniite roho. Roho haigawanywi vyumba viwili!" Akakata. Bisibisi alipiga mara sita, hakupokea. Kisha simu ikanyamaza siku tano, na ukimya ule ukamkera kuliko mlio. Alijilaumu, akamlaumu, akamwona mjane hata ndani ya sufuria ya chai.

Siku ya sita akavaa gauni lake la zambarau lililomkaa sawasawa, akapaka rangi ya mdomo, akapanda ngazi za ghorofa tatu kwenda kuvunja jambo au kuvunjikiwa.

Mlango ulifunguliwa na mjane. Alikuwa mzuri kweli, na hilo lilimuuma. Lakini macho yalikuwa mekundu, na nyuma yake sakafu ilijaa soksi zenye matundu.

"Bisibisi yuko wapi?"

"Ameenda kununua sindano. Wewe ndiye Binti Soksi, sivyo? Tafadhali, shule inazitaka kesho asubuhi."

Binti Soksi akayaacha maneno aliyoyapanga njiani. Aliziokota soksi tatu, akazielekeza dirishani. Shimo moja lilikuwa kisiginoni, jingine ubavuni, jingine karibu na ukingo.

"Amebadilisha sindano ngapi?"

"Ishirini."

"Mtu huyu! Kitanzi kikiponyoka mahali palepale, laumu sindano. Kikiponyoka popote, sindano hazina kosa." Akainama, akazungusha polepole. Kishikio kinacholeta uzi kilikuwa juu mno. Uzi ulipita bila kuingia kwenye ndoana. Akakilegeza, akakishusha kiasi cha unene wa ukucha, akaongeza uzani unaoivuta soksi chini. Akazungusha mara hamsini. Soksi ikashuka nzima, bila tundu hata moja.

Mjane akaishika kama mtoto mchanga. Kisha akasema, bila kumtazama, "Siku mbili nilimwita mashine ikiwa nzima. Sikatai. Nyumba hii ina kimya kingi. Lakini hakuwahi hata kukubali chai. Alizungumza habari zako tu, mpaka nikachoka."

Binti Soksi hakujua amkasirikie au amkumbatie. Akamwachia soksi, akatoka.

Kwenye ngazi akagongana na Bisibisi, jasho linamtiririka, pakiti ya sindano mkononi.

"Zirudishe dukani," akamwambia. "Ilikuwa njia ya uzi. Kwa nini hukuniuliza?"

"Anauza soksi kama zako. Ningekuombaje umsaidie mpinzani wako?" Akashusha macho. "Na niliona haya. Fundi mzima, nashindwa na mashine ambayo mpenzi wangu anaijua akiwa usingizini."

"Na mimi nilikutukana bure."

"Si bure kabisa. Nilijua ananiita kwa upweke, nikanyamaza. Ilinipasa kukuambia." Akamshika mkono palepale, watu wakipita na mizigo yao. "Nimechoka kubembeleza simu. Nataka kukuoa."

Akamtazama, machozi na kicheko vikigombana. "Na huyo wa juu akipiga tena?"

"Tutakuja wote wawili."

"Thubutu! Nitakuja mimi. Wewe utabaki nyumbani unapika."

"Kwa hiyo umekubali?"

"Nimekwambia utabaki nyumbani," akasema, akimvuta mkono kushuka ngazi. "Nyumba ya nani, kama si yetu?"